Filamu Iliyokwama Rufiji

Mwezi Aprili 1976 majumba ya sinema ya Uingereza yalianza kuonyesha picha ambayo, kwa majina tu ya waliomo, haikupaswa kushindwa. Steringi wake mmoja ni Lee Marvin, Mmarekani mwenye sauti ya kukwaruza, mshindi wa Oscar kwa Cat Ballou na kinara wa The Dirty Dozen. Wa pili ni Roger Moore, aliyekuwa ameshacheza James Bond mara mbili na yuko njiani kucheza ya tatu. Wapo Barbara Parkins na Ian Holm, huyu wa mwisho akiwa ametokea kwenye majukwaa ya Shakespeare. Muziki ni wa Maurice Jarre, yuleyule wa Lawrence of Arabia. Mwongozaji ni Peter Hunt, aliyehariri picha za mwanzo za Bond kabla ya kuongoza On Her Majesty's Secret Service mwaka 1969. Na kisa chenyewe kimetoka kwetu: Zanzibar, Afrika Mashariki ya Wajerumani, delta ya Rufiji, na manowari iliyojificha kwenye mikoko.

Picha hiyo inaitwa Shout at the Devil. Ni ndefu, karibu saa mbili na nusu kwa toleo lake la kwanza, na Wamarekani waliikata kabla ya kuwaonyesha watu wao. Mtu wa Iringa au Mbeya akiitazama leo hamalizi robo saa kabla ya kugundua kwamba nchi anayoonyeshwa si nchi yake, na kwamba wenyeji waliojaa kila mahali hakuna anayewaita kwa jina.

Hadithi aliiandika Wilbur Smith mwaka 1968. Smith alizaliwa Broken Hill, Rhodesia ya Kaskazini, mji ambao leo ni Kabwe, Zambia, si mbali na Kapiri Mposhi ambako reli ya TAZARA inaishia. Kwa hiyo mwandishi huyu si mgeni kabisa. Ni jirani wa upande wa pili wa mpaka wa Tunduma. Mtayarishaji, Michael Klinger wa London, alikuwa ameshatengeneza filamu moja kutokana na kitabu cha Smith, Gold ya mwaka 1974, akiwatumia haohao Hunt na Moore. Gold ilipigwa Afrika Kusini, na chama cha wafanyakazi wa filamu cha Uingereza, ACTT, kilipinga wanachama wake kwenda kufanya kazi kwenye nchi ya ubaguzi wa rangi. Klinger hakurudi nyuma. Picha ya pili nayo akaipeleka kulekule, kwenye pwani ya Port St Johns, Transkei, na mambo ya meli akayafanyia Malta. Transkei ilikuwa moja ya yale maeneo ambayo makaburu waliwatengea watu weusi. Oktoba 1976, miezi michache baada ya filamu kutoka, wakaipa uhuru ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoutambua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuja Rufiji yenyewe. Mwaka 1975 swali hilo lilikuwa na jibu fupi. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam, na kampuni iliyokuwa ikipeleka fedha Afrika Kusini isingepokelewa hapa kwa vigelegele. Lakini hebu tuangalie kilichokuwa kikiendelea Nyanda za Juu Kusini mwaka huohuo, wakati Marvin na Moore wakicheza Tanganyika ya kubuni huko Transkei. Reli ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, ilikuwa imeshapasua kile kipande kibaya kuliko vyote, kati ya Mlimba na Makambako, penye mahandaki na madaraja mfululizo, ikapita Mbeya na kuvuka mpaka. Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Na kule Mgagao, Iringa, kwenye kambi ya wapiganaji wa Zimbabwe wa chama cha ZANU, Oktoba 1975 maofisa zaidi ya 40 waliandika tamko la kuwakataa viongozi wao wa zamani na kumwelekezea kidole Robert Mugabe. Hiyo nayo ilikuwa filamu tosha: usiri, kambi msituni, silaha, usaliti, na hatima ya nchi nzima. Hakuna aliyekuja na kamera.

(Wala tusijidai kwamba tumekuwa mbali na sinema za makaburu siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliajiri kampuni ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili, na nyota wa mojawapo, Muhogo Mchungu, alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Waziri mkuu wetu wa baadaye alikuwa steringi kabla ya kuwa mwanasiasa.)

Turudi kwenye picha. Mwaka ni 1913. Sebastian Oldsmith, Mwingereza mpole aliyechezwa na Moore, anafika Zanzibar akiwa njiani kuelekea Australia. Flynn O'Flynn, mlevi na jangili wa tembo aliyechezwa na Marvin, anapanga aibiwe fedha zake ili akose pa kwenda, kisha anamvuta kwenye biashara ya pembe ndani ya himaya ya Wajerumani. Kuna kamishna Mjerumani, Fleischer, mnene na katili. Kuna binti wa Flynn, Rosa, ambaye Sebastian anampenda na kumwoa. Nusu ya kwanza ni vichekesho: tembo wanaanguka, Marvin anakodoa macho na kuyumba, na yeye na Moore wanapigana ngumi kwa muda mrefu hadi mtazamaji anasahau ugomvi ulianzia wapi. Halafu vita vinatangazwa, Fleischer anaichoma nyumba na mtoto mchanga wa Rosa na Sebastian anauawa. Mtazamaji aliyekuwa anacheka dakika tano zilizopita anatakiwa sasa alie, na dakika kumi baadaye ashangilie ndege ikiruka juu ya delta kuitafuta meli.

Hapo ndipo picha ilipovunjika mgongo. Marvin ameachiwa acheze anavyotaka, naye anacheza kana kwamba yuko kwenye picha nyingine. Moore anabaki na tabasamu la Bond hata mahali ambapo tabasamu halina kazi. Lakini lililoniuma zaidi ni la Ian Holm. Amepakwa rangi ya ngozi, amefungwa kilemba, anaitwa Mohammed, ni mtumishi wa Flynn, na mswada umemfanya bubu. Mtu mwenye mojawapo ya sauti bora za jukwaa la Kiingereza analipwa nauli mpaka Transkei akafanye ishara za mikono. Ukitaka kujua kwa nini kikosi chenye wachezaji wazuri kinafungwa, mtazame Mohammed anavyohangaika kwenye kona ya picha akitafuta la kufanya.

Watengenezaji wanaikaribisha historia mlangoni kwa sababu kisa kinatokana na jambo la kweli. Meli ya kwenye filamu inaitwa Blücher. Meli ya kweli ilikuwa Königsberg.

SMS Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff, ikiwa na mizinga 10 mikubwa ya milimita 105. Vita vilipoanza Agosti ilikuwa tayari baharini, na tarehe 6 ikaikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, kwenye Ghuba ya Aden. Kisha makaa yakaanza kuiishia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikajitokeza mbele ya bandari ya Zanzibar, ambako manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imezima mitambo ikitengenezwa. Königsberg ikapiga kutoka mbali, mahali ambapo makombora ya Pegasus hayakuweza kufika. Waliokufa walizidi 30, na makaburi yao yako kisiwani Chapwani hadi leo. Muda mfupi baadaye injini ya Königsberg yenyewe ikaharibika, na Looff akairudisha mafichoni Rufiji.

Vipuri vya mtambo havikuweza kutengenezwa kwenye matope ya delta. Ikabidi vifunguliwe, viburutwe na wapagazi nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vitengenezwe, kisha viburutwe tena kurudi. Chuma kizito, njia ya mchanga na mabwawa, jua na mbu, na mkono wa binadamu ndio winchi. Nikiwa mwongozaji ningepiga picha hiyo tu na kuwaacha Flynn na chupa yake baa.

Waingereza walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuja na ndege ya majini kutoka Durban na kuiona meli ilipojificha. Baadaye Wajerumani wakamkamata. Novemba 1914 Waingereza wakaizamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mdomo mmoja wa mto ili kuuziba. Wakamtumia pia Piet Pretorius, mwindaji wa tembo wa Afrika Kusini ambaye Wajerumani walikuwa wamemnyang'anya ardhi yake Rufiji. Huyo ndiye aliyepita kwenye vijito akipima kina cha maji na kuchunguza mahali meli ilipo. Mtu anayemjua Pretorius haoni shida kuona Flynn O'Flynn alichongwa kutokana na mti gani, ila Pretorius hakuwa mchekeshaji. Januari 1915 Mafia ikatekwa, ndege zikapata uwanja, na meli mbili bapa zenye mizinga, Severn na Mersey, zikavutwa na meli nyingine kutoka Malta kupitia Suez hadi huku. Malta, kulekule ambako miaka 60 baadaye Hunt alikwenda kupiga picha za meli yake ya kuigiza.

Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, lilishindwa. La pili, tarehe 11, likaisha na Königsberg ikiwaka moto, Looff akiwa amejeruhiwa, na mabaharia wenyewe wakilipua meli yao ili isiangukie mikononi mwa adui. Kwenye filamu kazi hii inafanywa na Flynn, Sebastian na bomu la saa lililofichwa ndani ya meli. Kunalipuka, adui anapata haki yake, picha imekwisha.

Lakini kwa mtu wa nyanda za juu hapo ndipo inapoanza. Wajerumani waliirudia meli iliyolala matopeni, wakaitoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam na kuiwekea magurudumu. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu kuuvuta. Mmoja ukapandishwa kwenye meli ya Goetzen, Ziwa Tanganyika. Mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria. Mabaharia waliobaki wakageuka askari wa miguu, wakatawanywa kwenye vikosi vya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na vita vikahama kutoka majini kuja juu.

Vilifika huku Mei 1916. Jenerali Edward Northey wa Waingereza aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na mwisho wa mwezi huo akaichukua Langenburg Mpya, yaani Tukuyu. Juni akawa Njombe. Tarehe 24 Julai wakapigana Malangali, ambako leo watu wengi wanapajua kwa shule yake kongwe, na tarehe 29 Agosti Iringa ikawa mikononi mwa Waingereza. Boma ambalo Wajerumani walilisimika katika miaka ya kupigana na Mkwawa wa Wahehe, toka kipigo chao cha Lugalo mwaka 1891 hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898, lilibadilisha bendera bila kishindo kikubwa.

Kishindo kilikuja Oktoba, na kililetwa na mzee. Kurt Wahle alikuwa jenerali mstaafu kutoka Saxony. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta, akajitolea kumtumikia Lettow-Vorbeck, ambaye cheo chake kilikuwa chini ya chake. Wabelgiji walipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wahle aliondoka na vikosi vyake kuelekea kusini mashariki, mamia ya kilomita za nchi kame, akitaka kuungana na wenzake Mahenge. Katikati ya njia kulikuwa na Iringa na jeshi la Northey. Mwishoni mwa Oktoba wakatokea. Walikata simu na njia, wakaizunguka Iringa, wakaiteka kambi ya Ngominyi. Novemba wakaishambulia Lupembe siku kadhaa. Kikosi chao kimoja, chini ya Hübner, kilizingirwa kwenye misheni ya Ilembule na kujisalimisha. Wengine wakapenya.

Na ilipodhaniwa yamekwisha, mapema mwaka 1917 ofisa mwingine wa Kijerumani, Max Wintgens, akajichomoa na kikosi chake, akaenda kinyume na kila mtu, kaskazini magharibi. Waingereza walipambana naye maeneo ya Utengule, nao wakazingirwa kwenye misheni ya Mtakatifu Moritz huko Galula, kwenye bonde la Songwe kuelekea Ziwa Rukwa. Akafika jirani na Tabora. Homa ya tifasi ikamwangusha, Mei akajisalimisha kwa Wabelgiji. Wenzake hawakujisalimisha: Heinrich Naumann akachukua uongozi, akazurura mpaka upande wa Kilimanjaro, akifukuzwa na maelfu ya askari wa mataifa mawili, hadi alipobanwa Kondoa mwanzoni mwa Oktoba 1917. Ukitaka picha ya mapigano na kukimbizana, hiyo hapo, imeshaandikwa na matukio yenyewe.

Lakini hata hiyo, kama ingepigwa na Klinger, ingekuwa na kasoro ileile ya Mohammed bubu. Kwa sababu wingi wa watu waliokuwa kwenye safari hizo hawakuwa na bunduki. Ratili 60 kichwani, posho ya unga, na mara nyingi unga wenyewe ndio mzigo. Upande wa Nyasaland na Rhodesia waliitwa tengatenga. Jeshi la Northey lilikula kwa miguu yao, kutoka Ziwa Nyasa na kando ya Barabara ya Stevenson hadi Tukuyu, Njombe na Iringa, kupitia milima ambayo mvua ya Machi inaigeuza utelezi mtupu. Rekodi za Waingereza wenyewe zinakiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 katika vita nzima ya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, baridi na njaa. Majeshi yote mawili yalichukua mahindi, ulezi, ng'ombe na vijana bila kuuliza. Kisha mwaka 1918 ikaja homa ya mafua makali ikawakuta waliobaki wakiwa hawana nguvu.

Sitaki kuonekana namlaumu mtengenezaji wa picha ya burudani kwa kutotengeneza somo la historia. Picha ya burudani ina haki ya kubuni. John Huston mwaka 1951 alichukua vita hii hii, Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani iliyotokana na Goetzen, akapiga The African Queen Uganda na Kongo, akabuni kila alichotaka, na Humphrey Bogart akaondoka na Oscar yake ya pekee. Wenyeji hawana sehemu kubwa humo pia. Ila Huston alijua hadithi yake inamhusu nani: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, boti moja mbovu na mto. Hunt alitaka yote kwa wakati mmoja, ucheshi wa walevi, mapenzi, kifo cha mtoto, ujangili, manowari, ndege, na hakuna alichokipa muda wa kukaa. Ana watu mamia wakibeba, wakikimbia na kufa nyuma ya steringi wake, na hajui kwamba nguvu ya picha yake iko kwao.

Vita vyenyewe viliishia huku pia. Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alirudi kutoka Msumbiji, akavuka Ruvuma, akapita Songea na Ubena. Kule Ubena, katikati ya Oktoba, alimwacha Wahle, mgonjwa, aliyezidi miaka 60, akamkabidhi kwa huruma ya Waingereza. Kikosi kikapita Mbozi, kikashambulia Fife tarehe 1 Novemba, kikaingia Kasama. Habari za kusimamisha vita ziliwafikia tarehe 13, siku mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Tarehe 25 Novemba wakaweka silaha chini Abercorn, leo Mbala: Wajerumani 155, askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi na wanawake na watoto wengi kuliko wote hao.

Lee Marvin alikuwa na miaka 51 walipokuwa wanapiga picha Transkei, na uso wake ulishakuwa na mikunjo ya kutosha kwa umri wowote. Aliwahi kupigana kweli, kama mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyejeruhiwa Saipan mwaka 1944, na alijua kucheza mtu aliyechoka bila kusema neno. Wahle angemfaa kuliko Flynn: jenerali aliyekuja kumsalimia mwanawe akajikuta anatembea kwa miguu kutoka Tabora hadi Iringa, kisha miaka miwili mingine, mpaka alipoachwa Ubena. Ian Holm angepewa Wintgens, mwenye sauti. Moore angebaki na ndege. Klinger alitaka kuendelea na kitabu kingine cha Smith baada ya hapo, lakini haikutimia, na safari ya Naumann sijaiona kwenye skrini ya mtu yeyote.